Watu Wameshakula

Mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, hajui kusubiri. Watu wengine wakipata kitu ndipo wanamshukuru Mungu. Yeye anashukuru kwanza, halafu kitu chenyewe kitajua kitakavyofika. Ukimwambia mtoto ana homa, anasema alhamdulillahi amepona. Ukimwambia bomba halitoi maji tangu jana, anasema alhamdulillahi maji yametoka, na anakutuma na ndoo. Nimeshasimama mbele ya bomba kavu mara nyingi, ndoo mkononi, nikijisemea maneno ambayo mkwe mwema hayasemi.

Simwelezi kwa ubaya. Nimeishi naye nyumba moja hapa Nyahanga, Kahama, tangu nilipoolewa na mwanawe Nassibu, na sijawahi kulala njaa wala kutukanwa. Ananiita mwanangu na anamaanisha. Lakini hasira zangu nazo ni haki yangu, na nisipozisema zitanipandisha presha.

Alizaliwa Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Baba yake alikuwa fundi cherehani mwenye asili ya Kimanyema, mama yake Mnyamwezi. Aliolewa na marehemu Mzee Ahmad, ambaye mwanangu amerithi jina lake, muuza kanga na mashuka aliyekuwa akizunguka minada ya Shinyanga, na maisha yao ya mwanzo waliishi Ibadakuli, si mbali na uwanja wa ndege, katika nyumba ya tope yenye bati la kuokoteza. Huko ndiko shukrani za mapema zilikoanzia.

Mwaka mmoja mvua ilichelewa. Majirani walishinda wakiangalia mawingu na kuguna. Bi Mwamvua akaosha mapipa, akayapanga chini ya bati, akaoka mkate wa sinia, akawagawia majirani na kuwaambia wale na wamshukuru Mungu kwa mvua. Mvua ikanyesha baada ya wiki chache. Kila nikisimuliwa hadithi hiyo nasema moyoni kwamba ingenyesha hata kama angeoka matofali, maana masika ya huko hayaulizi mkate. Lakini yeye tangu siku ile aliona amekwisha kuelewana na Mungu.

Kisha ikaja habari ya watoto. Wawili wa kwanza walikufa hata hawajatambaa. Mimba ya tatu ilipoingia, wanawake wenzake walimshauri anyamaze, mimba isitajwe kabisa. Yeye akafanya kinyume. Alikwenda kwa shehe wa pale akaomba kumfanyia mtoto akika. Shehe akamweleza kwamba akika ni ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Akarudi nyumbani, akachinja jogoo, akaita watu, akamshukuru Mungu kwa mtoto aliye hai. Nassibu akazaliwa, akalia, akatambaa, akakua, akanioa mimi. Sasa nani atamwambia kitu? Hata mimi hapo huwa sina la kusema, maana jibu lake limekaa mezani linakula wali.

Taabu yangu ilianza na dhahabu.

Nassibu alikuwa dereva wa bodaboda, akibeba watu kutoka mjini Kahama kwenda kwenye kambi za wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Siku moja alimbeba Maduhu, Msukuma mwenye mabega mapana na sauti ya chini, wakaongea njia nzima. Aliporudi jioni hakuwa tena dereva wa bodaboda. Maduhu alikuwa na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na alihitaji mwenzake wa kushuka naye. Wiki hiyo hiyo Nassibu aliuza pikipiki. Mimi nilisema nilichosema, hakikusikilizwa.

Bi Mwamvua alipopata habari hakuuliza shimo lina kina gani, wala magogo ya kushikilia kuta zake yamefungwa na nani. Aliuliza tu Mfungo Sita unaandama lini. Mwezi ulipoandama alichinja mbuzi wake wawili kati ya watatu, yule beberu na yule jike aliyekuwa akitupatia maziwa ya chai, akaazima sufuria za msikiti, akaita mtaa mzima kwenye maulidi ya kumshukuru Mungu kwa dhahabu aliyopata mwanawe. Wakati huo Nassibu alikuwa hata hajanunua buti.

Ustadh Abdulshakur wa msikiti wetu, mtu mpole asiyependa ugomvi, alijaribu kumrekebisha.

"Bi Mwamvua, sema basi inshallah."

"Inshallah nimeshaisema moyoni, Ustadh. Hapa mbele za watu tunasema alhamdulillahi."

Mtaa ukala. Waislamu walikula, Wakristo walikula, wapangaji wageni ambao hawakujua hata shughuli ni ya nini walikula wakaongeza. Sesilia, Mama Gregory, jirani yetu Mkatoliki anayeshona nguo barazani kwake, alishinda na mimi jikoni akichagua mchele. Jioni aliniinamia sikioni. "Mama Ahmad, sisi kanisani mtu akija na shukrani, tunaiona kwanza baraka yenyewe." Nikamwambia agawe kachumbari.

Maduhu naye alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na sahani yake magotini bila kula.

"Shemeji," aliniambia nilipompelekea maji, "sisi kule dhahabu ambayo haijatoka haitajwi. Hata ukiiona inang'aa kwenye jiwe unasema leo kuna mchanga tu. Sasa Mayu ameitangaza kwa spika!"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyomwita Bi Mwamvua siku zote. Nilimwambia hasira zake azipeleke kwa Mayu mwenyewe. Hakuzipeleka. Mwisho alikula, maana pilau ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikana.

Tangu siku ile mume wangu alipoteza jina. Akipita wanamwita Tajiri. Mwenye duka akimpa kiberiti anamwambia tusisahauliane. Ustadh, pamoja na upole wake wote, alisimama naye mlangoni mwa msikiti wakawa wanaliangalia zulia lilivyochakaa. Hata Sesilia, yule aliyetaka kuona baraka kwanza, alinidokeza kwamba cherehani yake siku hizi inakata nyuzi.

Na shimo? Shimo lilitoa vumbi. Walipasua mwamba chini huko kwa nyundo na tindo, wakavuta mawe juu kwa kamba, wakayapeleka kusagwa, wakaosha, wakapata cha kununulia maharage na unga wa kurudi nao shimoni. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Nassibu alikuja nyumbani kila Jumapili, kope zake nyeupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga nafaka, akaoga, akalala, akaondoka. Kila nilipomwambia aache alinijibu maneno ambayo nimeyachukia kuliko matusi.

"Nitaachaje, Mama Ahmad? Watu wameshakula."

Asiyeishi mtaani kwetu ataona hilo si jambo. Kwetu ukimlisha mtu kwa ajili ya neno fulani, umemfanya shahidi wa neno hilo. Likishindikana, hushindwi peke yako. Kila aliyekula anajiona amekula uongo, na atakukumbusha msibani, harusini, hata kwenye foleni ya maji. Mume wangu si mwoga wa shimo. Mume wangu ni mwoga wa midomo iliyokula pilau ya mama yake.

Ndipo kikohozi kikaanza. Kwanza kidogo, cha asubuhi. Halafu cha asubuhi na jioni. Halafu kikawa cha kumwinamisha, mkono mmoja ukutani. Bi Mwamvua akisikia alisema alhamdulillahi, kinatoka hicho, na mimi nikatafuna ukingo wa kanga yangu.

Nilimburuta mpaka hospitali. Daktari alikuwa dada mdogo mwenye miwani. Akampima kifua kikuu, hakukiona. Akaweka picha ya kifua kwenye mwanga na kutuonyesha.

"Hili ni vumbi la mawe," alisema. "Lililokwisha kuingia halitoki. Tunachoweza ni kuzuia lisiongezeke. Baba, uache shimo, na uwe unakuja kila baada ya miezi mitatu tukuangalie. Mapafu yenye vumbi kama haya yanashikwa na kifua kikuu upesi sana, na tukikikuta mapema kinatibika."

Nassibu akamshukuru kwa adabu zote. Tulipotoka nje akaniuliza kama naona dalili za mvua.

Kazi ya kufanya alikuwa nayo, msiniambie maisha magumu. Kaka yangu ana duka la spea za pikipiki karibu na stendi, na alishamwambia aje wakae wote, maana Nassibu anaijua pikipiki kuliko anavyonijua mimi. Kilichobaki ni neno la mama yake. Nikamfuata barazani, nikamkuta anabangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, naona uso wako una furaha."

"Uso wangu hauna furaha, mama. Daktari amesema Nassibu aache shimo. Ukimwambia wewe ataacha."

"Mimi nimwambie aache?" Alishangaa kweli, hakuwa anajifanya. "Na Mungu nimeshamshukuru mbele ya watu? Nikamwambie nini Mola wangu, kwamba nilikuwa natania?"

"Mungu hakuahidi dhahabu. Uliyeahidi ni wewe."

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo. Nilijua nimevuka mpaka, na kusema kweli nilifurahi kuuvuka.

"Safiya," alisema. Tangu nimzae Ahmad hakuwahi kuniita jina langu. "Wale wawili niliwangoja kwa hofu. Nilinyamaza kama walivyonifundisha, nikawa nalala na mkono tumboni nahofia. Nikawazika. Huyu nilimshukuru Mungu kabla sijamwona, akaishi. Leo unataka nianze tena kuhofia?"

Nilibaki na hasira, na hasira si jibu, nikaenda kuosha vyombo kwa kelele.

Haikupita muda, Ijumaa moja watu wanatoka msikitini, bodaboda ikasimama mlangoni kwetu. Nyuma ya dereva alikaa Nassibu, na nyuma ya Nassibu alikaa Maduhu amemkumbatia asianguke. Kifua kilikuwa kimembana chini huko akashindwa kupanda. Wenzake walimfunga kamba kwapani wakamvuta juu kama wanavyovuta mfuko wa mawe. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Tulimlaza kwenye mkeka.

"Mwadila, Mayu," Maduhu alimsalimia mama mkwe kwa Kisukuma, halafu akanigeukia mimi. "Shemeji, huyu asirudi. Akibanwa kule chini mimi sina pa kumkimbizia. Nitatafuta mwingine wa kushuka naye."

"Wabeja," nilimwambia, kwa sababu lilikuwa neno la Kisukuma la asante nililolijua na nilitaka alipate kwa lugha yake. Bi Mwamvua alikaa upande wa kichwa cha mwanawe akimpepea kwa pepeo la ukili. Alisema alhamdulillahi, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Siku zikapita, rangi ya midomo ikarudi. Nikaanza kupumua. Halafu alasiri moja nikamkuta Nassibu ameichomeka tochi yake ya kichwani kwenye umeme.

"Unachaji ya nini?"

"Naenda mara moja kuaga wenzangu. Nitarudi Jumapili."

Mtu anayekwenda kuaga shimo hachaji tochi. Nilimfungia chapati kwenye mfuko, nikamwangalia anavyopanda bodaboda polepole, anapumzika, anapanda tena. Alipoondoka nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikalia kwa hasira. Nilimlilia yeye, nikamlilia mama yake, nikaulilia mtaa mzima na sahani zao. Na katikati ya kilio wazo likaniingia likanikausha machozi. Kama kilichomfunga mume wangu shimoni ni watu kula, basi na mimi nitawalisha.

Nilimkuta Bi Mwamvua anatoka kuswali.

"Mama, Jumapili nataka kupika pilau. Nataka kuita watu kwenye shukrani."

"Shukrani ya nini?"

"Ya Nassibu kuacha shimo."

"Kwani ameacha?"

"Bado."

Aliniangalia. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Alhamdulillahi," alisema akijifuta macho. "Nilimshukuru Mungu siku nyingi kwamba utakuja kunielewa."

Hata hilo lilikuwa limeshashukuriwa!

"Na ile ya dhahabu je, mama? Hutaona umerudi nyuma?"

"Kwa nini? Nilimshukuru Mungu kwa dhahabu. Sikumwambia aiweke shimoni. Akitaka ataileta hata kwenye spea."

Miaka yote ile, na kumbe ilikuwa rahisi namna hiyo. Angalisema neno hilo moja siku ile barazani! Nilitamani kumrushia mwiko, lakini nilikuwa namhitaji, kwa sababu mbuzi aliyebaki alikuwa wake.

Jumapili tulipika. Sesilia alitoka misa ya kwanza akaja moja kwa moja na kisu chake cha vitunguu. "Safari hii ni baraka gani?" aliuliza, na nilipomweleza akatikisa kichwa, akaanza kukata. Ustadh Abdulshakur nilimwendea mwenyewe asubuhi. Nilimpanga vizuri. Nilimwambia, Ustadh, sema tunamshukuru Mungu kwa Nassibu kuachana na shimo, halafu uombe dua, ufunge. Usiongeze neno. Ustadh alifurahi, maana hilo angalau lilikuwa jambo ambalo mtu anaweza kulifanya kwa miguu yake mwenyewe.

Watu wakajaa chini ya turubai. Ustadh akasimama, akasema sawasawa kama nilivyomwambia. Watu wakaitikia amin. Nilikuwa nimesimama kando ya sufuria, naona kazi imekwisha. Ustadh alikuwa anainua mikono kwa ajili ya dua ndipo Bi Mwamvua akasimama.

"Ndugu zangu," alisema, "Ustadh amesema kidogo, ni mtu wa haya. Mimi mama wa Nassibu nitamalizia. Mwanangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Wengine mlisikia kikohozi chake mpaka majumbani mwenu. Leo tunamshukuru Mungu kwa kumponya. Kifua ni kizima. Vumbi lote limetoka, halikubaki hata punje. Semeni amin."

"Amin!" Mtaa mzima ulisema, na kwa nguvu, kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa imeshawafikia.

"Amepona?" Sesilia aliniuliza, macho yamemtoka.

"Ameacha shimo," nilisema. "Nimesema ameacha shimo."

Hakuna aliyenisikia. Ustadh aliniangalia kwa mbali, akainua mabega kidogo, akasoma dua. Nikapakua. Ningefanya nini? Nilipakua sinia baada ya sinia, na kila sinia lililoondoka mbele yangu nililiona linaondoka na maneno ya mama mkwe, siyo yangu.

Nassibu alifika watu wakiwa katikati ya kula. Maduhu ndiye aliyemleta. Alikuwa ameng'ang'ania asimruhusu kushuka hata mara moja, na kwa hilo namwombea heri mpaka leo. Mume wangu alisimama barabarani na tochi yake shingoni, akaliona turubai, akaiona mikono ya watu kwenye masinia. Wakanyanyuka kumlaki.

"Hongera, Baba Ahmad! Hongera kwa kupona!"

"Tajiri amepona! Na shimo ameliacha!"

Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Alielewa. Huyo ni mtoto wa Bi Mwamvua, haelezwi mara mbili kwamba ameshashukuriwa. Nilingoja akasirike mbele za watu, nilikuwa tayari kwa hilo, hata ningeona raha. Badala yake alicheka. Alicheka kwa kushindwa, kama mtu aliyepigwa bao kwenye bao lake mwenyewe, na kicheko kikamshika kifuani kikageuka.

Niliona jinsi kifua chake kilivyoruka, jinsi mishipa ya shingo ilivyosimama. Alifunga mdomo. Macho yalimjaa maji. Alichukua bilauri mkononi mwa mtu, akanywa, akakimeza kikohozi chote kikarudi kilikotoka, akasimama wima.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nimepona."

Wakampigia takbiri. Akakaa, akala.

Basi nilishinda. Mkiniuliza, nitasema nilishinda. Nassibu hakurudi shimoni tena. Maduhu alipata mwenzake mwingine. Mume wangu yuko dukani kwa kaka yangu, anauza minyororo na plagi, wateja wanampenda. Hakuna anayeweza kumrudisha chini, kwa sababu watu wameshakula.

Ila miezi mitatu ilipofika nilimtolea kadi ya hospitali, nikamwekea na shati safi juu ya kitanda. Hakuligusa.

"Nikionekana kule watu watasemaje?" alisema. "Yule muuguzi wa mapokezi anakaa mtaa wa pili. Alikula sinia moja na Mama Gregory."

"Nassibu, daktari alisema kifua kikuu..."

"Nimepona, Mama Ahmad. Si ulipika wewe mwenyewe?"

Nilizira siku nzima, sikumpa hata chai, na haikusaidia kitu. Dukani, kaka yangu ananiambia, akishikwa na kikohozi anakwenda nyuma kwenye matairi. Mteja akiuliza, yuko anahesabu mzigo. Nyumbani anajibana mpaka aingie chumbani, avute pazia, achukue mto. Ameanza kukonda. Jasho linamtoka usiku, asubuhi nabadilisha mashuka.

Jana alasiri nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Bi Mwamvua chumbani kwake, akiwa anasikiliza mawaidha kwenye redio yake ndogo.

"Mama, mpeleke Nassibu hospitali. Nakuomba. Mwambie wewe, au mshike mkono twende wote."

"Akafanye nini, mwanangu? Si amepona?"

"Unajua hajapona."

Alikaa akiangalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona uso wake hauna shukrani yoyote ndani yake. Ulikuwa uso wa mwanamke mzee aliyeogopa. Nikafikiri, sasa atasema. Sasa atasimama, atachukua kanga yake, tutatoka.

Ndipo Nassibu, aliyekuwa amerudi mapema kutoka dukani, akaanza upande wa pili wa ukuta. Mto haukutosha. Kikohozi kilikuja kirefu, chenye majimaji, kikakatika, kikaja tena. Ng'ambo ya barabara cherehani ya Sesilia ilikuwa inakwenda, ikasimama. Nilimwona kupitia dirisha, ameinua kichwa, mguu kwenye pedali, anasikiliza.

Bi Mwamvua alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Na mimi nikainuka, nikafunga dirisha.